Bando la WhatsApp Peke Yake

[Muziki wa kufungulia unashuka taratibu]

ZUBEDA: Haya, taa imewaka. Karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi ni Zubeda, niko na kaka yangu Kassim, ambaye leo kaniacha nimekaa na maikrofoni peke yangu dakika 40.

KASSIM: Foleni, dada. Mbezi mpaka hapa, we acha tu. Nisamehe.

ZUBEDA: Nimekusamehe, chai utanunua wewe. Leo tunaongea siasa na mtandao, lakini nataka nianzie kwa bi mkubwa wangu, Tanga. Kipindi cha kampeni alinipigia saa nne usiku, sauti imepanda: "Mwanangu, umeona? Yule mgombea udiwani wetu kajitoa!" Nikamwambia mama, umeona wapi? "Kwenye grupu la kikoba, wameleta na linki kabisa."

KASSIM: Na linki kabisa! Ikiwa na linki basi imeshakuwa kweli.

ZUBEDA: Nikamwambia nitumie. Nikaifungua. Kichwa cha habari kimeandikwa "Mgombea ajitoa?" na alama ya kuuliza mwishoni, ndogo hata huioni vizuri. Ukiingia ndani, aya ya tatu, mgombea mwenyewe anasema hajajitoa na hana mpango huo. Nikampigia tena bi mkubwa: mama, hukufungua? Akanijibu hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Ningefungua na nini? Mimi nimeunga bando la WhatsApp."

KASSIM: Aah. Aaah.

ZUBEDA: Umeona? Linki inamfikia, picha inamfikia, kichwa cha habari kinamfikia. Habari yenyewe iko nje ya bando. Akigusa, simu inamwambia hana salio la intaneti. Na wakati huo alishaifowadi kwenye grupu la ukoo, la madrasa, na la majirani. Bi mkubwa wangu si mwongo, wala hakuwa mvivu wa kusoma. Alikuwa hana MB.

KASSIM: Hilo watu hawalisemi. Tukiongelea habari za uongo tunalaumu watu: hawasomi, hawafikiri, wanapenda umbea. Kumbe mtu kanunua dirisha tu, mlango hauzwi kwa bei anayoimudu.

ZUBEDA: Na si jambo la bahati mbaya. Mwaka 2014 Facebook walikuja hapa kwetu na Kenya na ule mpango wao wa Internet.org, baadaye ukaitwa Free Basics. Unaingia Facebook na tovuti chache walizozichagua bila kukatwa salio. Tukashangilia, mimi mmoja wao, nilikuwa chuo. Bure nani anaikataa?

KASSIM: Wahindi waliikataa.

ZUBEDA: Wahindi waliikataa, Februari 2016. Mdhibiti wao wa mawasiliano akapiga marufuku kampuni ya simu kutoza bei tofauti kwa sababu ya kile unachokitazama. Hoja ni kwamba mwenye kupanga kipi kiwe bure ndiye anayepanga kipi kisomwe. Sisi huku tuliendelea, na sasa ukifungua menyu ya vifurushi unakuta bando la WhatsApp, bando la mitandao ya kijamii, halafu bando la intaneti lenyewe liko chini huko, na bei yake unaisoma mara mbili.

KASSIM: Ngoja nikupinge kidogo lakini. Bila hayo mabando ya bei rahisi bi mkubwa asingekuwa mtandaoni kabisa. Asingewaona hata wajukuu zake kwenye picha.

ZUBEDA: Kweli. Sikatai.

KASSIM: Basi usiwafanye mashetani.

ZUBEDA: Siwafanyi mashetani, kaka. Nasema hivi: tukijadili uhuru wa kusema tunafikiria polisi na mahakama. Tunasahau kaunta ya vocha. Bei nayo inaamua nani aseme, nani asome nusu. Na wewe hili unalijua kuliko mimi, maana lilikukuta.

KASSIM: [anacheka] Unataka niongelee blogu yangu.

ZUBEDA: Nataka uongelee blogu yako.

KASSIM: Wasikilizaji, nilikuwa na kijiblogu. Naita kijiblogu kwa sababu siku ya neema kubwa kilisomwa na watu 300. Nilikuwa naandika ligi za mchangani, halafu vikao vya serikali ya mtaa: mtaro umeahidiwa lini, pesa za taka zinakwenda wapi. Jina langu liko juu, namba yangu iko chini. Mwenyekiti akikasirika ananipigia, tunabishana, kesho naandika alichosema. Ikaja Machi 2018, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Ada ya maombi 100,000, leseni milioni 1, ada ya kila mwaka milioni 1 nyingine. Yaani kabla hujaandika herufi moja, milioni 2 na laki 1.

ZUBEDA: Na kijiblogu kilikuwa kinaingiza ngapi?

KASSIM: Kilikuwa kinatoa! Nilikuwa nakilisha mimi. Ukikutwa unaendesha bila leseni, faini haipungui milioni 5, au jela miezi 12, au vyote viwili. Nikakaa na mke wangu mezani, tukaangalia ada ya shule ya mtoto. Nikafuta. Hakuna askari aliyekuja kwangu, hakuna barua, hakuna simu. Nilijifungia mwenyewe, kwa mkono wangu, siku ya Jumapili jioni.

ZUBEDA: Na hata wakubwa walitikisika. JamiiForums, lile jukwaa kubwa la mijadala mtandaoni, ilizimika wiki kadhaa Juni ya mwaka ule ule.

KASSIM: Ilizimika. Na ile ni mali ya watu wenye mawakili. Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wake, alishakamatwa tangu Desemba 2016 kwa kukataa kutoa taarifa za wanaoandika pale, kesi zikawa zinapigwa kalenda tu. Sasa mimi na ligi zangu za mchangani ningekuwa nani? Halafu kulikuwa na kipengele kimoja hicho mpaka leo kinanichekesha: ilikuwa kosa kutoweka nywila kwenye simu yako.

ZUBEDA: Hee! Bibi yangu angefungwa maisha.

KASSIM: Na kingine, maudhui "yanayoudhi" yalikatazwa. Sasa nani anapima kuudhi? Mimi Yanga ikifungwa naudhika wiki nzima. Zile kanuni ziliandikwa upya 2020, sawa, lakini vijiblogu vya mtaa havikurudi. Kitu kama kile kikishakufa, mwandishi wake ameshapata kazi nyingine.

ZUBEDA: Sasa nijibu kwa haki. Wakati ule si kulikuwa na bloga wanatukana watu, wanaweka picha za marehemu, wanabuni habari? Mimi nilikuwa upande wa kusema wasajiliwe.

KASSIM: Walikuwepo, na walitia aibu. Hata mimi ningependa mtu awajibike kwa alichoandika. Lakini angalia kilichotokea. Wale wambea walikwenda wapi? Waliacha?

ZUBEDA: Walihamia WhatsApp.

KASSIM: Sote tulihamia WhatsApp! Mimi mwenyewe nilifungua grupu la mtaa. Na hapo ndipo nilipojifunza. Kwenye blogu, mwenyekiti wa mtaa alikuwa anaona nilichoandika na anajibu pale pale, wote wanasoma. Kwenye grupu, mtu analeta sauti ya dakika 3, haina jina, haina tarehe, imeandikwa juu "imesambazwa mara nyingi", na anayesemwa hayumo humo ndani. Utamwitaje ajibu? Kabla hujamaliza kuuliza "hii umeitoa wapi", imeshavuka kwenda magrupu sita. Ukimbana aliyeileta anakuambia, "Mimi nimefowadi tu." Hilo ndilo jibu la nchi nzima sasa hivi. Mimi nimefowadi tu.

ZUBEDA: Na WhatsApp wenyewe waliona, maana walipunguza. 2018 walianza na kikomo cha kusambaza kwa watu au magrupu 20, Januari 2019 wakashusha hadi 5, na Aprili 2020 ujumbe ulioshazunguka sana ukawa unapita kwenda sehemu moja moja.

KASSIM: Ndiyo, na bi mkubwa wako anafanya nini?

ZUBEDA: Anapiga skrinishoti. [wanacheka wote]

KASSIM: Na skrinishoti ni mpya, haina ile mishale ya kufowadi, haina historia. Imezaliwa upya!

ZUBEDA: Turudi kwenye bei, maana majirani zetu Uganda walikwenda mbali zaidi. Tarehe 1 Julai 2018, mwaka ule ule wa kijiblogu chako, waliweka kodi ya shilingi 200 za kwao kwa siku, kwa kila mtu anayetaka kuingia WhatsApp, Facebook, Twitter. Ulipie kwanza kwa pesa za simu, ndipo ufunguliwe. Rais Museveni alikuwa ameandika barua akilalamikia lugambo mitandaoni.

KASSIM: Lugambo kwa kwao ni umbea.

ZUBEDA: Umbea. Sasa 200 kwa mtu wa ofisini si kitu. Kwa mama anayeuza nyanya ni suala la kukaa chini na kuhesabu: leo niingie au nisiingie? Na watu wakafanya nini? Wakapakua VPN, zile programu za kuficha unaingia wapi mtandaoni, kila mtu, mpaka bodaboda. Serikali ilitarajia kukusanya bilioni 284 kwa mwaka wa kwanza, ikapata kama bilioni 49.

KASSIM: Hiyo ni hasara ya kujitakia.

ZUBEDA: Julai 2021 wakaiondoa, wakaweka asilimia 12 kwenye data yenyewe. Yaani kabla yake uliweza kulipa ukakasirika, maana unaiona inakatwa. Sasa imefichwa ndani ya bando, huioni, unasema tu siku hizi MB zinakwenda haraka.

KASSIM: Hiyo ya pili ina akili zaidi. Inanitisha zaidi pia.

ZUBEDA: Na kuna ile ya kuzima kabisa. Uganda Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi. Na sisi...

KASSIM: Na sisi tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu.

ZUBEDA: [kimya kidogo] Siku kama 5.

KASSIM: Nitasema jambo moja tu, sitaki tulikimbie wala tulizungushe. Wapo wanaosema kuzima kunazuia uvumi. Mimi nilikuwa ndani, watoto wako ndani, usiku marufuku kutoka. Uvumi haukuzimika hata saa moja. Ulikuja kwa simu ya kawaida, ulikuja kwa jirani juu ya ukuta. Kilichozimika ni uwezo wa kuuliza. Nina shemeji alikuwa anamtafuta mdogo wake, hana picha ya kumtumia mtu, hana grupu la kuuliza, anapiga namba moja moja toka kwenye kidaftari. Alimpata siku ya tatu, mzima, alikuwa kwa rafiki. Wapo ambao hawakuwapata wao. Neti iliporudi simu yangu ilitetemeka mezani mpaka ikaanguka, jumbe za siku zote zile, na katika zile, ya kweli ipi, ya kutengeneza ipi? Zilikuja zote kwa mpigo, zimechanganyika.

ZUBEDA: Mama naye alinipigia siku zile. Aliniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza. "Hiyo unayoniambia, wewe umeiona au umeambiwa?"

KASSIM: Bi mkubwa!

ZUBEDA: Nikamwambia, nimeambiwa. Akasema basi usiniambie.

KASSIM: Huyo tungemleta hapa badala yangu.

ZUBEDA: Angekuja mapema kuliko wewe. Sasa kabla hatujafunga, jambo la nyumbani. Kuna msikilizaji wetu wa Masasi katuandikia: "Dada Zubeda, kipindi chenu nakipenda ila MB zinaisha mkiwa bado mnasalimiana."

KASSIM: Hilo ni kosa lako, wewe ndiye wa salamu ndefu.

ZUBEDA: Nimelikubali. Na kwa kweli ni aibu, tumekaa hapa tunalaumu kampuni za simu, faili letu la wiki iliyopita lilikuwa MB 46.

KASSIM: Tulibane. Sauti itakwaruza kidogo, lakini linaweza kushuka hadi 6 au 7. Halafu tulitume kama sauti ya WhatsApp.

ZUBEDA: Ndani ya bando la bi mkubwa.

KASSIM: Ndani ya bando la bi mkubwa. Ila mwanzoni kabisa tutaje majina yetu na tarehe, lisije likasambazwa likafika mahali halina mwenyewe.

ZUBEDA: Basi tuitaje sasa hivi, usije ukasahau. Tarehe ngapi leo?

KASSIM: Ngoja niangalie simu. Aa, imezima chaji.

[Muziki]