Beetle Inang'ang'ania Mafuta: Anza na Waya Kabla ya Kugusa Kabureta

Karibuni gereji, wadau. Leo tuna Volkswagen Beetle ya injini ya 1600, kabureta ni Solex 34 PICT-3. Ukiachia pedali ya mafuta, resi (kasi ya mzunguko wa injini) zinabaki juu. Wengi wakiona hivi hufunga springi ya pili. Mimi siungi mkono hilo: springi kali huficha ugonjwa na kuuchosha waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedali hadi kabureta.

Ikikushika barabarani, kanyaga klachi, zima swichi mara moja, lakini usiufikishe ufunguo kwenye loki ya usukani.

Sasa injini imezimwa na imepoa. Tazama chini ya pedali kwanza. Mkeka uliosogea unatosha kabisa kuleta balaa hili.

Njoo nyuma, kwenye injini. Toa chujio la hewa. Upande wa kushoto wa kabureta kuna mkono ambao waya wa mafuta umefungwa kwa skrubu. Ilegeze, chomoa waya. Sukuma mkono kwa kidole mpaka mwisho, uachie. Ukirudi kwa kishindo, kabureta haina kosa, tafuta kwenye waya. Ukirudi kwa uvivu, kosa ni la kabureta au springi yake.

Tuseme ni waya. Mwambie mwenzako akanyage pedali polepole huku wewe unatazama ncha ya waya. Nyuzi zikiwa zimeanza kukatika, badilisha waya mzima. Grisi haiponyi waya uliochanika. Angalia pia pale waya unapopita kwenye kava la feni, hapo hukwaruzana sana.

Kama ni kabureta, tazama springi imeshika vizuri, kisha puliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye kipepeo (kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) na ncha zote mbili za shafti yake, ukifungua na kufunga. Ule utando wa kahawia ni masalia ya petroli ya zamani. Ukiisha, tia tone la oili. Tikisa shafti: ikicheza sana, matundu yamelika, mpelekee fundi wa kukereza vyuma aweke bushi. Skrubu mbili za kipepeo usizilegeze ovyo, zikidondoka zinaingia kwenye injini.

Kitu kimoja kinachowapoteza watu: asubuhi resi kuwa juu ni kawaida, ni choki ya otomatiki, ile inayosaidia injini ikiwa baridi. Zisiposhuka injini ikipata moto, kagua waya wa umeme wa choki. Na resi za sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, rekebisha kwa skrubu kubwa ya hewa iliyo pembeni, usiguse ile ya kipepeo.

Kurudishia waya: mwenzako akanyage mpaka mwisho, uache nafasi ya milimita 1 kati ya mkono na kizuizi chake, ndipo ukaze. Bila nafasi hiyo, kila ukikanyaga unavuta shafti na waya kwa nguvu.

Funga chujio la hewa, rudia jaribio la kidole kabla ya kuwasha. Bomba au klipu ya chujio ikigusa mkono ule, utarudi kulekule.