Froome Alilipwa Bure? Nawajibu Mnaouliza Kila Wiki

Haya ndugu zangu, hamjambo. Wa Ngamiani, wa Makorora, wa Chumbageni, na nyie wa Pangani mnaosema nawasahau, salamu zenu hizo. Utangulizi leo sina. Kila nikiweka video ya baiskeli, swali ni lile lile, na wiki hii limerudi limebadili kanzu tu, kuhusu Chris Froome, mwendesha baiskeli aliyeshinda Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa, mara nne: "Huyo Froome tangu 2018 hajashinda kitu, pesa anavuta, si angestaafu?" Na chini yake lipo lingine: "Kijana wangu anaendesha kama upepo, mvute huko Ubelgiji, hizo hela si zipo?"

Nikisema zipo, naambiwa najimwambafai. Nikisema si kama mnavyodhani, naambiwa nimeshavuka sasa navunja daraja. Basi nitasema ninachokijua kuhusu kazi hii, kila mtu apime na hali yake. Ushauri wangu si sheria.

Tuanze na Froome mwenyewe, maana mnamhesabu Mwingereza wa kuja. Kazaliwa Nairobi, 1985, na aliyemfundisha ni David Kinjah, kule Kikuyu. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006 Melbourne alivaa jezi ya Kenya. Mwaka ule ule alitaka kwenda mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg, chama cha baiskeli cha Kenya hakikumsajili. Akaingia kwenye barua pepe ya kiongozi wa chama, akajisajili mwenyewe kwa jina la chama. Amelieleza hadharani, simzushii. Akafika, akaanza mbio, na kabla hajafika mbali akamgonga ofisa wa mashindano. Leseni ya Uingereza aliichukua 2008. Mnaosema vyama vyetu ndivyo vinavyoua vipaji, sina la kuongeza hapo, ila msiige mbinu ya barua pepe. Siku hizi utafungiwa.

Sasa mwili. Wengi huamini alitengenezwa na timu tajiri. Yapo matokeo mawili ya maabara ambayo aliyaweka wazi. Mwaka 2007 alikuwa na kilo 75.6, na nguvu ambayo mwili wake uliweza kuishikilia ni wati 420. Mwaka 2015, baada ya Tour de France, kilo 69.9 na wati 419. Soma tena hizo namba. Injini ni ile ile, kilichopungua ni uzito, karibu kilo sita. Mlimani hiyo ndiyo hesabu nzima: wati ugawanye kwa kilo, unatoka 5.6 unakwenda 6. Kwenye tambarare ya Tanga hadi Pongwe tofauti hiyo huioni. Ipandishe barabara ya Mombo hadi Lushoto, kilomita zaidi ya 30, uone nani anabaki nyuma.

Na kuna jambo ambalo sisi watu wa mwambao tungelielewa haraka kuliko Wazungu: kichocho. Kiligundulika mwilini mwake 2010, akapewa praziquantel, dawa ile ile watoto wetu wanayomezeshwa shuleni wakipimwa urefu kwa kijiti. Kichocho kinakula damu, na mwendesha baiskeli kazi yake ni kusafirisha oksijeni kwa damu. Kijana wako akichoka bila sababu, mpeleke akapime mkojo na choo kwanza, kabla hujamnunulia vidonge vya "kuongeza stamina" kutoka kwa yule wa mtandaoni.

Najua wengine mmeshaanza kuandika "dawa, dawa". Kwenye Vuelta ya 2017, mbio kubwa za Hispania, alikutwa na salbutamol, dawa ya pumu, kiwango mara mbili ya kile kinachoruhusiwa. Kesi ilikwenda miezi, ikafungwa Julai 2018 bila adhabu. Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Mengine bakini nayo.

Tour alishinda 2013, 2015, 2016 na 2017. Giro, ile ya Italia, 2018. Vuelta mbili, na ile ya 2011 alikabidhiwa 2019 baada ya aliyekuwa wa kwanza kufutwa. Mwaka huo huo wa 2019, tarehe 12 Juni, karibu na mji wa Roanne, alikuwa anakagua njia ya mbio za saa, zile za kila mtu peke yake dhidi ya saa, kwenye mashindano ya Dauphiné huko Ufaransa. Alitoa mkono kwenye usukani ili apenge kamasi, upepo ukalikamata gurudumu la mbele, akaingia ukutani kwa kasi ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Paja, kiwiko, nyonga, mbavu. Baiskeli za mbio za saa zina magurudumu mapana kama sahani, na mikono unaiweka mbele kwenye vishikio, mbali na breki. Ukitoa mkono mmoja pale, usukani unaushika kwa nusu mwili.

Timu ya Israel ilitangaza kumsajili 2020, yaani baada ya ajali, inajua. Mwenye timu alisaini kwa hiari yake. Mkataba wa kazi hii hausemi "utalipwa ukishinda", unasema utalipwa. Timu ikiona haufai, inachoweza ni kukuacha nje ya kikosi, kama ilivyomwacha Froome kwenye Tour ya 2023, na mshahara unaingia. Na kusema hakufanya kitu ni uongo: Julai 2022, kwenye siku ya Tour inayomalizikia mlima Alpe d'Huez, alimaliza wa tatu. Mtu aliyevunjika paja.

Halafu kuna hili, ambalo ndilo lililonifanya nikae kwenye kamera leo. 2023 alieleza kwamba vipimo vya baiskeli yake vilikuwa tofauti na vya enzi zake za kushinda, kwa sentimita kadhaa kutoka kiti hadi usukani. Sentimita! Kwenye kazi hii milimita tano tu mtu analalamika mgongo. Mafundi wa baiskeli pale Ngamiani mtanielewa. Vipimo ni hivi. Kwanza, urefu wa kiti: kutoka katikati ya ekseli ya pedali, ile ya kwenye fremu, hadi juu ya kiti, ukifuata mlingoti. Pili, kiti kimerudi nyuma kiasi gani: dondosha uzi wenye uzito kutoka ncha ya kiti, pima umbali hadi katikati ya ekseli ile ile. Tatu, ncha ya kiti hadi katikati ya usukani. Nne, kiti kiko juu ya usukani kwa kiasi gani. Na urefu wa mkono wa pedali uuandike, milimita 170 au 175, maana ukiubadilisha huo, kiti nacho lazima kihame.

Linaloharibu ni kubadilisha timu. Timu mpya ina fremu nyingine, kiti cha kampuni nyingine, viatu pengine vingine. Kiti kipya kina unene tofauti na ncha yake ni ndefu au fupi, kwa hiyo namba ile ile ya karatasini inakuweka mahali pengine kabisa. Fundi makini hapimi ncha, anapima pale kiti kinapofikia upana wa milimita 80, ndipo mifupa inapoanza kukalia. Mtu ambaye mguu mmoja umepungua nguvu baada ya upasuaji, ukimvuta mbele sentimita mbili, anaanza kukaa upande bila kujijua.

Alilalamikia pia breki za diski, watu wakamcheka mzee hataki mabadiliko. Lakini alichosema ni kweli kiufundi. Nafasi kati ya pedi na diski ni ndogo, haifiki milimita moja. Ukishuka mlima mrefu, diski inapata joto, inapinda kidogo, inaanza kugusa pedi na kupiga kelele. Pistoni nazo hazirudi sawasawa, moja inavivia. Breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, hazina shida hiyo, ila kwenye mvua zinachelewa kukamata. Mimi ningechagua diski. Mwingine hapana.

Haya, pesa. Kima cha chini kwa mwanaume kwenye timu za daraja la juu ni kidogo zaidi ya yuro 40,000 kwa mwaka kama ameajiriwa. Tafadhali usigeuze shilingi kwanza. Mwajiriwa wa kawaida hapa Ubelgiji anakatwa 13.07% ya hifadhi ya jamii, kabla ya kodi haijaamka. Ni ile NSSF yetu ya 10%, imenenepa. Ndiyo maana kuna mikataba ya "kujiajiri" ambayo kima chake ni zaidi ya mara moja na nusu ya hicho: unaona namba kubwa, kumbe bima, pensheni na likizo ya ugonjwa ni juu yako. Vijana wanaifurahia namba, wakivunjika bega ndipo wanasoma ukurasa wa nne. Na sisi wabeba boksi tunasomewa hizo karatasi kwa Kiholanzi dirishani, mtu nyuma yako anakohoa. Tuyaache.

Zawadi? Mshindi wa Tour anapewa yuro 500,000, mshindi wa siku moja 11,000. Kwa mila haziingii mfuko mmoja. Zinakusanywa, zinagawanywa kwa waendeshaji wenzake na wafanyakazi wa timu, na kabla ya hapo zimeshakatwa. Froome na wenzake wachache wako mbali na hizi hesabu, nakubali. Waliobaki ndio wengi, na wao ni waja leo waondoka leo kweli: mikataba inaisha 31 Desemba, usajili unafunguliwa 1 Agosti, na asiyepigiwa simu kufikia Novemba amestaafu bila kuamua.

Mkataba wa Froome nao mwisho wake ulikuwa 2025. Mwezi wa nane mwaka huo akaanguka mazoezini kusini mwa Ufaransa: pafu, mbavu tano, pingili ya mgongo, helikopta hadi Toulon. Alikuwa na miaka 40. Wanaostaafu kwa maua ni kina Geraint Thomas, aliyemalizia nyumbani kwao Cardiff. Na kustaafu kwenyewe kuna fomu. Wakubwa hawa hutoa taarifa kila siku watakuwa wapi kwa saa moja ya kupimwa dawa za kuongeza nguvu, wakikosa mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa. Usipoandika rasmi kwamba umestaafu, wapimaji wanaendelea kugonga mlango. Ukishaandika kisha ukabadili mawazo, unapimika miezi sita kwanza ndipo urudi kwenye mbio.

Sasa kijana wako. Leseni aanzie CHABATA, chama cha baiskeli Tanzania, hiyo ndiyo inampa namba ya UCI, chama cha baiskeli cha dunia. Bila namba hakuna mbio za UCI zitakazompokea. Ajaribu Tour du Rwanda, maskauti wanafika. Njia ya kituo cha UCI cha Aigle, Uswisi, Froome alipita, Biniam Girmay wa Eritrea naye alipita, na 2024 akashinda hatua tatu za Tour, yaani siku tatu, na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi. Lakini visa. Schengen ni siku 90 ndani ya 180. Akiingia 1 Machi akae mfululizo, 29 Mei anatoka, na siku zake zinaanza kurudi 28 Agosti. Timu zinachukua vijana wa majaribio kuanzia 1 Agosti. Amekosa karibu mwezi mzima kwa kalenda tu, miguu haina kosa. Kama ni mimi ningezibana siku za masika, lakini kila kesi na ubalozi wake, na mimi si wakili.

La mwisho, mnaoniagiza baiskeli mtumba za timu, zinazouzwa msimu ukiisha. Zipo. Kabla hujatuma hela, muulize muuzaji breki zake zinatumia mafuta gani. Za kampuni ya Shimano ni mafuta ya madini, nyingi za kampuni ya SRAM za barabarani ni DOT, mafuta ya breki ya aina nyingine. Fundi akichanganya, mipira ya ndani inavimba na breki haishiki tena, na hayo mafuta ya madini mtanituma mimi niyabebe kwenye begi. Sibebi.