Neva siyo waya jamani

Hili nimeshalisema sana na leo nalisema tena, neva, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka ishara mwilini, siyo waya. Naona wengine mnatikisa vichwa, si umeme huo huo? Hapana, sio huo. Kwenye waya elektroni zinasogea kufuata waya wenyewe. Kwenye neva zinazohama ni ioni (chembe zenye chaji) za chumvi, sodiamu na potasiamu, na haziendi mbele, zinakatiza utando wa seli, hii inaingia ile inatoka.

Seli ikiwa imetulia ndani yake ni kama milivolti 70 chini ya nje. Utasema mbona kidogo hivyo, ila huo utando una unene wa nanomita chache tu, piga hesabu kwa mita moja unakuta volti milioni 10 hivi! Sasa ukiisukuma kutoka hiyo hasi 70 mpaka hasi 55 hivi, milango ya sodiamu kwenye utando inafunguka, sodiamu inamiminika ndani.

Mwaka 1939 kule Plymouth, Uingereza, wanasayansi Hodgkin na Huxley walichukua neva ya ngisi, nene kiasi cha nusu milimita, wakapenyeza elektrodi, kifaa chembamba cha kupimia umeme, ndani kwa ndani. Enzi hizo watu waliamini neva ikituma ishara utando unavuja tu, kwa hiyo volteji itapanda iishie sifuri. Haikuishia hapo, ikapita sifuri, ndani kukawa chanya kabisa. Uvujaji tu haufanyi hivyo, lazima kuna kitu kinachoingia. Ila Vita vya Pili vya Dunia vikaanza, kazi ikasimama, maelezo kamili wakayatoa 1952, Nobel wakaipata 1963.

Na chaji ikishaingia hapa inaamsha milango ya jirani, jirani naye ya jirani yake, yaani ishara inazaliwa upya njia nzima, ndo maana inafika mpaka kidole cha mguu bila kufifia. Potasiamu inatoka, panatulia, yote hiyo milisekunde moja au mbili.

Mayelini niipitie haraka, ni mafuta yaliyoizungushia neva, ishara inaruka kutoka pengo moja la mafuta hayo hadi lingine, na kwenye neva za kasi zaidi inaweza kupita mita 100 kwa sekunde. Sinapsi, pale neva moja inapokabidhi ishara kwa nyingine, leo hatuifikii.

Bado mtu ananing'ang'ania ni waya? Haya, umechomwa sindano ya ganzi unang'olewa jino. Neva iko pale pale, haijakatwa popote, ila dawa imeziba milango ya sodiamu na ishara ya maumivu imeishia hapo hapo kwenye fizi.