Unakuja Stockholm kwa mara ya kwanza? Sikiliza hii kabla hujafunga begi

Habari zenu ndugu zangu, wa Dar, wa Unguja na Pemba, wa Mombasa, popote mnaponitazama. Leo niko hapa Slussen, Stockholm, na huo upepo mnaousikia kwenye maikrofoni ndio wa hapa. Wengi mmeniandikia kwamba mnakuja: huyu ana harusi ya dada yake, yule ana mkutano, mwingine anakuja kutembea tu. Nataka mfike mkiwa mmejipanga. Huu mji hauna shida na mgeni, ila una bei, na bei yake inamuumiza zaidi asiyejua njia.

Kwanza viza. Ya Schengen, yaani ile inayokuingiza Uswidi na nchi nyingi za Ulaya, unaruhusiwa kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Tafadhali usisubiri hizo siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu. Barua ya mwaliko, tiketi ya kurudi, anwani ya utakapofikia, vyote chapisha kwenye karatasi ukae navyo kwenye begi la mkononi. Askari wa mpakani akikuuliza unakwenda kwa nani na unarudi lini, unamwonyesha pale pale, sanduku lako likiwa bado linazunguka huko chini.

Na kwenye hilo sanduku, najua mama atataka kumfungia mwanawe vitu vya nyumbani. Nyama, maziwa na samli haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya ukivitoa kwetu. Embe nalo halipiti bila cheti cha afya ya mimea. Lakini ndizi, nanasi, nazi na tende zinapita, kwa hiyo mjazieni nazi. Weka na adapta ya umeme, maana soketi za huku ni za matundu mawili ya duara. Chaja yako ya pini tatu haitaingia.

Sasa hapa kwenye hela nisikilizeni vizuri. Hela ya Uswidi ni krona, si euro. Na usije na bahasha ya dola ukidhani utabadilisha uishi nayo, kwa sababu maduka na mikahawa mingi haipokei pesa taslimu kabisa, na kwenye basi dereva hapokei hata sarafu. Wenyeji wana Swish, ambayo ni kama M-Pesa yetu, lakini lazima uwe na akaunti ya benki ya Uswidi, kwa hiyo mgeni haimsaidii. Unachohitaji ni kadi ya benki, ya kushika mkononi, inayofanya kazi nje ya nchi. Kabla ya kuondoka nenda benki, waambie unasafiri, wakufungulie malipo ya nje, na namba ya siri uwe nayo kichwani. Mkiwa wawili kila mtu awe na kadi yake. Mtu akikwama bila kadi huku, hata chai hanywi.

Ukitua Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, uko kama kilomita 40 kutoka mjini. Alama za kwanza utakazoziona zitakupeleka kwenye Arlanda Express, treni ya dakika kama 20, nzuri kweli, na bei yake inauma. Ipo treni ya kawaida ya abiria, nayo inapita pale pale chini ya uwanja, ila wanakuongezea ada ya kituo inayozidi krona 100. Sisi tunaobana matumizi tunapanda basi namba 583 hadi Märsta, halafu pale tunachukua treni ya mjini, yote kwa tiketi moja ya SL, usafiri wa umma wa Stockholm, ya krona 40 na ushee. Unagusisha kadi yako ya benki kwenye mashine, basi, una dakika 75 za kubadilisha basi na treni upendavyo. Usijaribu kupita bila kulipa. Wakaguzi wapo, na faini ni zaidi ya krona elfu moja.

Tiketi hiyo hiyo ndiyo matembezi yako. Shuka T-Centralen, kituo kikuu cha treni za chini ya ardhi, nenda kwenye njia ya buluu: dari lote ni mwamba uliochongwa, limepakwa rangi nyeupe na majani ya buluu yanayopanda juu hadi kichwani kwako. Halafu njoo hapa Slussen upande kivuko cha kwenda kisiwa cha Djurgården, nacho kinakubali tiketi ya SL. Watalii wanalipa hela nyingi kuzungushwa kwa boti, na wewe unaona Gamla Stan, mji mkongwe, kutoka majini kwa nauli ya basi. Ukifika huko, hela yako ya makumbusho itoe kwa makumbusho ya Vasa. Ni meli ya kivita iliyozama mwaka 1628 siku ile ile ilipoanza safari yake ya kwanza, ikaopolewa 1961, na bado imesimama nzima, mbao zake zimekuwa nyeusi. Watoto hawalipi.

Kula mchana, siku za kazi. Kuanzia saa tano hadi kama saa nane mikahawa mingi ina kitu wanaita dagens lunch: sahani ya moto, saladi unajipakulia, mkate, na kahawa, yote kwa bei moja. Jioni meza ile ile ina bei nyingine kabisa. Maji ya kunywa ni ya bomba, safi, usinunue chupa. Ukitamani wali na nyama ya mbuzi, halali, panda treni ya chini ya ardhi, njia namba 10, hadi mtaa wa Rinkeby, kuna migahawa ya Wasomali.

Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama. Juni linazama saa nne usiku, linachomoza saa tisa na nusu usiku. Waislamu, fuateni ratiba ya swala ya msikiti mkubwa wa Medborgarplatsen. Kwa baridi, vaa nguo nyembamba kadhaa moja juu ya nyingine, maana ndani ya nyumba kuna joto na utahitaji kupunguza. Viatu viwe vya kushika barafu. Koti usinunue Dar. Hapa kuna maduka ya mitumba, Myrorna na Stadsmissionen, makoti mazito kweli kweli.

Dharura yoyote ni 112, bure, na Kiingereza wanajua. Wanaoalikwa na ndugu, niandikieni maswali yenu hapo chini: video ijayo tunaijaza fomu ya mwaliko ya Idara ya Uhamiaji ya Uswidi, mstari kwa mstari.