Wanaotafuta Dini za Kale, na Mwaka Wetu Tunaousahau
Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Masheikh, walimu wenzangu wa skuli, mama zetu, na nyinyi vijana mliojaa hadi kwenye ngazi, ahsanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo vijana wananiuliza mara kwa mara. Watu wa Ulaya na Marekani, ambao tuliwadhania wamekwisha kuachana na mambo ya mizimu, mbona wanarudi kwa wingi kutafuta dini na uganga wa zama za kabla ya Ukristo? Na mbona wengine, wakichoka kutafuta kwao, wanakuja Pemba kuuliza pango liko wapi na mganga ni nani? Nitaanza na huko kwao.

Uingereza ilikuwa na sheria ya uchawi ya mwaka 1735. Ilifutwa mwaka 1951. Haikupita miaka mingi, mwaka 1954, bwana mmoja aitwaye Gerald Gardner akatoa kitabu akisema kwamba dini ya kale ya vijijini haikufa, ilijificha, na kwamba yeye mwenyewe aliingizwa ndani yake mwaka 1939. Kutokana na mafundisho yake ilikua njia inayoitwa Wika, ambayo leo ina wafuasi katika nchi nyingi. Wafuasi wake wengi wanajiita wachawi, na wanajiita hivyo kwa fahari.

Sasa mtazameni Gardner alikuwa nani. Alikwenda Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, mwaka 1900 akiwa kijana wa mashamba ya chai. Akapita Borneo kwenye mpira, kisha akawa ofisa wa forodha wa serikali ya kikoloni huko Malaya mpaka alipostaafu mwaka 1936. Umri wake wa kazi karibu wote aliumaliza upande wa pili wa bahari hii hii yetu. Alikusanya majambia ya Kimalaya yanayoitwa kris, akaandika kuhusu nguvu ambazo wenyewe wanaamini zimo ndani yake, na aliwafuatilia Wadayak wa Borneo na mizimu yao. Mtu huyu ndiye aliyewaambia Waingereza kwamba amewaletea dini ya mababu zao. Mwanahistoria Ronald Hutton, aliyechunguza habari hizi kwa kina na kuandika mwaka 1999, hakupata ushahidi wa dini iliyojificha vijijini tangu zama za kale. Alichokiona ni kitu kilichojengwa upya kwa vipande: vyama vya siri kama Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888, mashairi, ngano, na vitabu vya uganga vya karne zilizopita.

Siwadharau wanaofuata njia hiyo. Watu wana njaa ya kitu ambacho mji mkubwa hauwapi: kuwa na siku zinazotofautiana na siku nyingine, kuwa na mahali penye heshima, kujua mwezi uko wapi usiku wa leo. Njaa hiyo ni ya kweli hata kama chakula kimepikwa jana.

Mfano mzuri ni sikukuu zao. Wana mzunguko wa sikukuu nane kwa mwaka: nne zinafuata jua, nne zinafuata misimu ya ukulima na mifugo. Nyingi kati yake, moja moja, zina chimbuko la kale, mahali hapa au pale. Lakini zote nane kufungwa pamoja kuwa kalenda moja ni kazi ya miaka ya 1950, ya watu wa Gardner na rafiki yake Ross Nichols. Vivyo hivyo na Stonehenge, yale mawe makubwa ya kusini mwa Uingereza. Kila mwezi wa Juni maelfu hukusanyika pale kungojea jua lichomoze. Mawe yalisimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita na watu ambao hawakuacha hata herufi moja, na madruidi wa kisasa, yaani watu wanaojinasibisha na makuhani wa kale wa Uingereza, walianza kufanya ibada zao pale mwaka 1905.

Iceland ni habari tofauti kidogo, na mimi inanivutia zaidi. Nchi ile iliingia Ukristo kiasi cha mwaka 1000. Mwaka 1972 watu wachache wakaunda jumuiya ya kurudisha miungu ya kale, na mwaka uliofuata serikali ikaitambua. Kiongozi wao, Sveinbjörn Beinteinsson, alikuwa mkulima na mshairi, mjuzi wa kughani tenzi za kwao kwa mahadhi ya zamani. Huko mashairi yaliandikwa tangu karne ya 13, na ughani wenyewe haukutoka midomoni mwa wakulima. Waliporudi, walikuta mlango haujafungwa kabisa.

Sasa tuje nyumbani, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Sisi tuna mwaka wa Nairuzi. Ulikuja na watu wa Uajemi, ukapokelewa na Waislamu wa pwani hii, ukawa wetu. Una siku 365, umegawika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Hauna mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne unasogea siku moja, na siku ya mwaka imeteleza hivyo taratibu mpaka sasa inaangukia Julai. Manahodha walihesabu miongo kujua lini kusi itakaza na lini bahari itafungua. Wakulima walihesabu miongo kujua lini kupanda. Mwezi wa Kiislamu ulibaki kwa ibada, maana unazunguka misimu yote; Nairuzi ikabaki kwa chombo na kwa jembe. Watu walewale, msikiti uleule, hesabu mbili, na hakuna aliyechanganyikiwa.

Siku ya mwaka ikifika, Makunduchi kule Unguja wanafanya Mwaka Kogwa. Kibanda cha makuti kinachomwa moto. Wanaume wa pande mbili wanapigana kwa migomba, kinyongo cha mwaka mzima kinaishia pale uwanjani. Wanawake wamevaa vizuri kabisa, wanaimba kwa Kikae, na nyimbo zao haziwaonei haya wenye makosa. Kisha watu wanakula, na mgeni hakosi pa kula. Na huku kwetu Pemba wazee wanakumbuka kwenda kuoga baharini asubuhi ya mwaka.

Linganisheni basi. Kule sikukuu nane ziliundwa, na wafuasi wake mpaka leo wanatafuta kijiji cha kuzifanyia. Hapa kijiji kipo, kazi ipo, bahari ipo, na ni kalenda ndiyo inayotutoka. Niulize humu ukumbini leo ni mwongo wa ngapi: nadhani watajibu wazee wa mbele tu.

Jambo la pili nitalipitia upesi. Wazungu wanaosoma uganga wa kale wanakithamini sana kitabu wanachokiita Picatrix. Asili yake ni Kiarabu, Ghayat al-Hakim, na kilitafsiriwa Hispania katika miaka ya 1250 kwa amri ya mfalme Alfonso X. Humo mna nyota, saa za sayari, hirizi na buhuri. Waganga wetu wa kitabu, wenye falaki zao, wanaosoma Abu Maashar wa Balkh aliyeishi karne ya 9, wanachota kisima hicho hicho. Kwa hiyo kijana wa hapa anayenunua elimu hiyo kupitia simu, kwa Kiingereza, kwa dola, akidhani ni siri ya Ulaya, amezunguka dunia kufika mlango wa jirani. Iwapo elimu hiyo inafaa kutumiwa, hilo ni la masheikh, na wamekwisha kulisemea sana. Mimi nasema ni sehemu ya historia yetu ya kusoma na kuandika, na hati za Kiarabu za falaki na tiba zimo Nyaraka za Taifa za Zanzibar, kule Kilimani, Unguja.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh alipita visiwani mwanzoni mwa miaka ya 1930, akaandika kwamba Pemba ni makao makuu ya uchawi, na watu huja kutoka mbali kujifunza. Maneno ya namna hiyo yamenakiliwa na kunakiliwa, mpaka leo ukitembea Dar es Salaam au Mombasa unakuta kibao juu ya mti: "Mganga kutoka Pemba". Hurejesha mume, huongeza mali, na namba ya simu ipo chini. Mvyale wa kijijini, ambaye kazi yake ni kuuombea mji na mashamba na kuangalia mzimu usichezewe, habandiki kibao. Ana mahali pake na watu wake, na akikosea anajibu kwao. Mgeni anayekuja kutafuta nguvu hamuoni mtu huyu. Anakutana na wa kibao.

Na sifa ile ina gharama. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kulifanywa Unguja kampeni ya kuwasaka wachawi pamoja na chui, kwa kuwa watu waliamini kuna wanaofuga chui na kuwatuma kudhuru. Chui wa Zanzibar, mnyama ambaye hana mwenziwe popote duniani, aliuawa kwa wingi, na leo kumuona mpaka uende kumtazama amekaushwa makumbusho. Waliotajwa kuwa ni wafugaji wake walikuwa majirani wa watu. Kijana anayesema uchawi ni burudani tu, anayekwenda pango la Kuumbi kule Jambiani kupiga picha za kutisha, na alijue hili pia. Pango lile lina alama za binadamu za kiasi cha miaka 20,000, na wenyeji bado wanaweka nadhiri zao humo. Ukiingia, uingie kwa ruhusa yao.

Basi ombi langu ni dogo. Kila skuli hapa Pemba ichukue daftari moja, iende kwa manahodha na wakulima waliobaki, iandike miongo kama wanavyoihesabu wao: mwongo huu pepo zikoje, samaki gani wanaingia, nini kinapandwa, mvua gani inatarajiwa. Iandikwe kwa lahaja ya hapo, jina la aliyesema liwekwe akikubali, na nakala irudi kijijini kwake. Yale ambayo wavyale hawataki yaandikwe, yasiandikwe.

Nimalizie hapo. Maswali nitayapokea, lakini kabla ya vijana naomba kipaza sauti kipelekwe mstari wa mbele, maana nina hakika kuna mtu pale amenisahihisha kimoyomoyo kwenye ile hesabu ya miongo.