Mnaniita Profesa: Maisha Yetu Berlin na Habari za Mzee Mtoro

Haya, asalaam aleikum na habari za huko, ndugu zangu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Leo tuko mtaa wa Wedding, hapahapa Berlin. Anayeshika simu ni binti yangu, kwa hiyo picha ikicheza mlaumuni yeye.

Wengi mmeniandikia: Profesa, tuonyeshe maisha yako, tuonyeshe nyumba, tuonyeshe gari. Gari hatuna. Huku mwalimu wa chuo anabanana na wanafunzi wake kwenye treni asubuhi, na wenye nguvu za magoti wanapanda baiskeli hata kwenye baridi. Nyumba ni ya kupanga, ghorofa ya nne, hakuna lifti. Mmeridhika?

Na hilo la uprofesa tuelewane. Kwetu ukishafundisha chuo kikuu mtaa mzima unakuita profesa, mpaka muuza vitumbua. Ujerumani uprofesa ni kiti, na viti ni vichache. Mtu ana shahada ya udaktari, ana vitabu, ana mvi, bado anangoja kiti kiwe wazi. Mimi ni mwalimu wa lugha. Nafundisha Kiswahili, na mkataba wangu una tarehe ya kwisha. Wenzangu watafiti ndio zaidi: sheria inaruhusu wawekwe kwenye mikataba ya muda miaka 6 kabla ya udaktari na 6 baada yake, kisha ama mtu apate ajira ya kudumu ama atafute kwingine. Kwa mgeni jambo hili haliishii ofisini, maana kibali cha kuishi cha familia kinafuata mkataba. Tarehe ikikaribia, kwetu hata watoto wanapunguza kelele.

Darasani kwenyewe raha, siwadanganyi. Siku ya kwanza nimemaliza kipindi, nasikia ko-ko-ko, nikageukia mlango nione nani anabisha hodi. Kumbe ni wanafunzi, wanagonga meza kwa vidole. Ndiyo makofi yao vyuoni. Na hili la saa: ratiba inasema saa nne, darasa linaanza saa nne na robo. Hiyo robo ni mila ya vyuo vyao tangu zamani, ina heshima yake kabisa. Halafu sisi ndio tunaoambiwa hatujui kutunza muda!

Wanaokuja kusoma Kiswahili ni wa kila namna. Yupo anayesomea udaktari wa tiba na anataka kwenda kufanya mazoezi hospitali ya Ndanda, kule Mtwara. Yupo aliyeoa Arusha na kachoka kukaa sebuleni kwa wakwe akitabasamu tu. Ngeli hazimwogopeshi Mjerumani, mpe jedwali atalala nalo. Kinachomtesa ni kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, halafu atulie asikilize jibu.

Kuna kijana mmoja simsahau. Amezaliwa hapa, baba yake mtu wa Mombasa, lugha hawakumpa. Akasoma kwangu, na muhula ulipoisha akampigia bibi yake. Akanisimulia kwamba bibi alinyamaza kidogo, akamwambia, "Mjukuu wangu, mbona waongea kama mtangazaji wa redio?" Nilicheka, lakini nilifika nyumbani nikawatazama wanangu kwa jicho jingine.

Maana hawa wangu nao wanateleza. Mdogo yuko chekechea. Chekechea za Berlin hazina ada tangu 2018, mzazi anachangia chakula tu, na kwa hilo nawavulia kofia. Lakini mtoto anashinda kule kutwa nzima, na lugha ya kuchezea ndiyo inayomteka. Sheria ya kwetu ni kwamba mlango ukifungwa, ni Kiswahili. Huyu mkubwa anaishika vizuri mpaka akasirike. Akikasirika anahamia Kijerumani, maana anajua huko atanishinda kwa kasi. Eti nini? Anasema nisiwaambie mambo yake. Haya, nimeacha.

Sasa nataka niseme habari za baba yao, kwa ruhusa yake. Alikuwa mhasibu Dar, mtu wa shati jeupe na ofisi yenye kiyoyozi. Ili anifuate huku kwenye mkataba wangu, alilazimika kusoma Kijerumani akafanya mtihani wa A1, ile ngazi ya kwanza ya lugha, pale Goethe-Institut, Upanga. Alipofika, vyeti vyake vya uhasibu havikumfikisha popote, kwa sababu mhasibu huku anafanya kazi kwa sheria za kodi za huku na kwa lugha ya huku. Akaanza na kubeba maboksi ghalani. Baadaye akaingia mafunzo ya uuguzi wa wazee, na leo ni muuguzi kamili.

Najua yanayosemwa huko nyumbani. Nimeyasikia kwenye msiba, tena na watu wa karibu: "Mke profesa, mume anaogesha vikongwe vya Kizungu." Basi leo naongea wazi. Huyu bwana anaamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu. Wazee wale wanamsubiri, kuna bibi mmoja hali chakula mpaka amwone yeye. Na mwaka ule mkataba wangu ulipochelewa kuhuishwa, mshahara uliotulisha ulikuwa wake. Mnaomheshimu mke kwa sababu anashika chaki, mheshimuni na huyo. Nimemaliza. Hapana, sijamaliza: na kupika anapika, pilau lake linanishinda.

Haya, geuza simu, mama, waone kibao. Someni wenyewe: Maji-Maji-Allee. Barabara hii mwaka 1939 ilipewa jina la Carl Peters, Mjerumani yuleyule aliyewasainisha machifu wetu mikataba ya Usagara, mwanzo wa ukoloni kwetu. Miaka ya themanini watu walipolalamika, wakasema basi, kuanzia sasa huyu ni Peters mwingine, Hans Peters, mwanasheria wa hapa Berlin. Kibao kikabaki kilekile! Mpaka 2024 ndipo walipoigawa barabara mara mbili, kipande kimoja kikapewa jina la Anna Mungunda, mwanamke shujaa wa Namibia, na hiki kikawa Maji Maji, kwa ajili ya vita vyetu dhidi ya Wajerumani.

Nimewaleta hapa kwa sababu ya mzee wetu mmoja ambaye kwetu Bagamoyo watu wachache wanamjua. Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwaka 1900 alikuja Berlin kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa 1887 ndani ya chuo kikuu. Waliosoma pale wengi walikuwa wakiandaliwa kwenda kututawala: maofisa, makarani, na wamisionari pia. Mzee Mtoro akawa anawafundisha lugha, na pembeni anaandika desturi zetu za pwani, kuanzia mtoto kuzaliwa, jando na unyago, ndoa, mpaka mambo ya pepo. Maandishi hayo yalitoka kitabu mwaka 1903, na jina lililowekwa juu ni la Carl Velten, Mjerumani aliyeyakusanya. Mimi nilikisoma nikiwa hapa. Nikakuta mambo ya harusi ambayo bibi yangu alikuwa akiyafanya na sisi wajukuu tukidhani ameyabuni.

Mwaka 1904 akamwoa Bertha Hilske, binti wa Kijerumani. Darasani nako kulikuwa na mgogoro: wapo wanafunzi ambao hawakukubali kumpa mtu mweusi heshima ya mwalimu. Hebu fikirini. Anakufundisha kusema, halafu humsalimu! Mzee hakuwa mtu wa kumeza, 1905 akaacha kazi. Akamchukua mkewe waje nyumbani, na hapo ndipo panaponiuma. Serikali ya Wajerumani huko kwetu haikukubali Mwafrika aishi pale na mke mzungu. Ni mwaka uleule vita vya Maji Maji vilipoanza. Wakarudi Ujerumani, mzee akahangaika na barua za malalamiko, akaendelea na kazi ya kufundisha na kuhutubia watu kuhusu Afrika, na akafia hapa Berlin mwaka 1927.

Wenzangu wakisimulia habari zake husimama kwenye lile darasa na wale wanafunzi. Ni kweli lilikuwa jambo zito. Lakini darasa unaweza kuliacha, na yeye aliliacha. Kilichomfunga ni swali la wapi ataishi na mkewe. Kwao hakutakiwa na mke huyo, na huku kwa kina mkewe aliangaliwa kama kitu cha maonyesho. Na huyo Bertha naye? Alikubali kupanda meli kwenda nchi asiyoijua, akarudishwa. Ningempata leo ningemketisha na mume wangu wanywe chai, wana mengi ya kuambiana.

Mimi siwezi kujilinganisha na mzee yule. Wanafunzi wangu wananisalimu vizuri, wengine shikamoo wanaitoa hata kwa mlinzi wa jengo, ambaye ni kijana mdogo kuliko wao. Ila nikishika fomu ya kibali na kuona ile sehemu ya kuandika majina ya mume na watoto, namkumbuka.

Mkiomba kazi nje, basi, kabla ya kuuliza mshahara ulizeni kibali cha mwenzio kinamruhusu kufanya kazi gani. Ulizeni mkataba ukiisha mnapewa muda gani. Nimepokea wageni wa mwaka mmoja waliokuja na barua nzuri za chuo, na mke amebaki Morogoro kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Haya, saa yangu imefika, mdogo anachukuliwa kabla chekechea haijafungwa na baba yake yuko zamu. Watu wa Bagamoyo, nina ombi. Kama kuna mzee huko anayeujua ukoo wa Mwinyi Bakari, au aliwahi kusikia lolote kuhusu huyu Mtoro, mrekodini kwa simu akisimulia, mnitumie. Sauti tu inatosha. Wiki ijayo tunaonyesha soko la Jumamosi, na mume wangu kaahidi kupika. Kwaherini.