Kutoa Rangi ya Zamani kwenye Boti Ndogo Bila Kuumiza Bodi

Karibuni, watazamaji. Boti ya leo ni ndogo, ya faiba, na tumeshaipindua. Sasa tazama hapa ubavuni palipobanduka. Juu nyekundu, chini yake bluu, chini ya bluu kuna nyeusi, halafu nyekundu nyingine. Kila aliyeimiliki amepaka juu ya rangi ya mwenzake, mpaka zikawa nene kama gome la mti. Ukiongeza nyingine juu ya hizi, itadondoka pamoja nazo. Kwa hiyo tunazitoa.

Kabla hujashika chombo chochote, hakikisha unajua bodi yako ni ya nini: faiba, mbao au alumini. Usiulize rangi ni ngumu kiasi gani, uliza kilichopo chini yake kinavumilia nini. Faiba ina ngozi ya nje, ile jeli koti inayong'aa, na unene wake kwa kawaida ni takribani nusu milimita tu. Hiyo ndiyo inayozuia maji yasipenye ndani. Ukiikwangua ukaimaliza, umejipa kazi kubwa kuliko ya rangi. Alumini na mbao nitazigusa pale ambapo njia zinaachana.

Jambo la pili ni sumu, na hapa naomba usiharakishe video. Rangi inayopakwa sehemu ya chini ya maji imetengenezwa ili viumbe vya baharini visiote, na nyingi zina oksidi ya shaba. Boti ya miaka mingi inaweza bado kuwa na tabaka lenye TBT, sumu ya jamii ya bati iliyopigwa marufuku na mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2008. Boti za mbao za zamani nazo huweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi. Vumbi la vitu hivi halifai kuingia kifuani mwako, wala mwa mtoto anayecheza jirani. Kwa hiyo kanuni ya kazi hii yote ni moja: hakuna kupiga msasa mkavu. Hata ukiwa umebakiza kijisehemu kidogo.

Vaa barakoa yenye vichujio vya P3 au P100, yaani vile vinavyonasa vumbi laini kabisa, inayobana uso vizuri. Kile kitambaa chepesi cha masikioni hakitoshi. Vaa miwani iliyofunga pembeni, glavu, na nguo za mikono mirefu ambazo utazifua peke yake. Tandaza turubai chini ya boti, lizidi kila upande, kisha kunja kingo zake ziinuke kidogo ili maji yenye rangi yasitiririkie kwenye udongo. Chagua siku isiyo na upepo mkali.

Osha boti kwa maji na sabuni, toa ukoko na chumvi, acha ikauke. Funika kwa utepe wa karatasi matundu ya bodi, kihisi cha kupimia kina kama kipo, na vile vipande vya zinki vya kuzuia kutu.

Tunaingia kwenye kukwangua. Chombo changu ni hiki, kikwangulio cha mkono chenye meno ya kabaidi, yaani madini magumu kuliko chuma cha kawaida. Kabla ya kukitumia, chukua tupa ya almasi uviringishe pembe zake mbili zisiwe kali. Usiruke hatua hii. Pembe kali ndiyo inayochimba mifereji kwenye jeli koti, na mifereji hiyo utaiziba kwa puti siku nzima.

Tazama mkono wangu. Navuta kuja kwangu, sisukumi. Mkono mmoja kwenye mpini, mwingine unakandamiza karibu na kichwa. Mivuto mirefu, mfululizo, ubapa wa chombo umelala sawasawa juu ya bodi. Sikiliza pia. Rangi ikiachia, sauti ni ya kukwaruza, kavu. Ukifika kwenye jeli koti sauti inakuwa nyembamba zaidi, na unachotoa kinageuka kutoka vipande kuwa unga mweupe. Hapo simama. Chombo kikianza kuteleza bila kutoa kitu, usiongeze nguvu, noa.

Wapo watakaouliza kwa nini situmii grenda. Ukiwa fundi mwenye mkono mwepesi utamaliza mapema, lakini inarusha lile vumbi kavu tulilolikataa. Tena grenda haikupi onyo. Sekunde mbili za kuzubaa na umeshaacha shimo. Kwa boti ya ukubwa huu, mimi nachagua mkono.

Kwa wenye boti ya mbao: vuta kufuata uzi wa mbao, usikate kinyume chake. Kwenye maungio ya mbao pita polepole, usije ukaing'oa kalafati, ile pamba inayoziba nafasi kati ya mbao. Mashine ya hewa ya moto husaidia sana kwenye mbao, maana rangi inalainika na kutoka kama ukanda. Lakini kama unashuku kuna risasi, usiipashe moto kabisa, mvuke wake ni sumu. Na kwenye faiba usiitumie, joto linaweza kutenganisha matabaka yake.

Turudi kwetu. Kuna sehemu zimegoma, hasa kwenye mikunjo karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti. Hapo nitatumia kemikali ya kulainisha rangi. Soma kopo, liandikwe wazi kwamba inafaa kwa faiba. Zile kali zenye dikloromethani huila jeli koti pamoja na rangi, na mvuke wake umewahi kuua watu waliokuwa wakifanya kazi mahali pasipo hewa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 kuwauzia watu wa kawaida dawa za kutoa rangi zenye kemikali hiyo. Kwa alumini, kaa mbali na dawa yoyote yenye magadi makali, inakula chuma chako mchana kweupe.

Ijaribu kwanza kwenye eneo dogo la ukubwa wa kiganja. Ukiridhika, paka nene, brashi iende upande mmoja tu, usiirudishe rudishe. Funika kwa nailoni ili isikauke, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo. Kisha kwangua taratibu, hapa nguvu haihitajiki. Ikiwa tabaka la chini limebaki gumu, paka tena badala ya kuligombania. Ukimaliza, osha kama kopo linavyoelekeza. Masalia ya dawa yatazuia rangi mpya isishike.

Sasa msasa wa maji, namba 80 kwa mabaki, halafu 120 kulainisha. Huu ni msasa wa kuloweka, si ule wa karatasi ya kawaida. Uchovye kwenye ndoo, uzungushie kwenye kipande cha mbao, na uendelee kulowesha. Kwenye alumini usitumie brashi ya waya wa chuma, chembechembe zake zikibaki huanzisha kutu.

Je, ni lazima utoe kila doa? Si lazima. Rangi iliyoshika imara, ambayo ukiichokoa kwa ncha ya kisu haibanduki, inaweza kubaki kama rangi mpya inapatana nayo. Wenye alumini, nyinyi toeni rangi yote ya shaba. Shaba ikigusa alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Mwisho, futa bodi kwa kitambaa chenye asetoni, kisha mara moja kingine kikavu kifuate nyuma yake, kabla asetoni haijakauka. Kitambaa kimoja kinasambaza uchafu tu. Fanya hivyo penye hewa, mbali na moto. Ukiona malengelenge kwenye faiba, usipake chochote bado. Yapasue, yaoshe na uache bodi ikauke kabisa, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa.

Kusanya mabaki yote yaliyo kwenye turubai, uyatie kwenye mfuko uliofungwa na uyapeleke panapopokelewa taka za kemikali. Usiyachome, usiyatupe majini. Kwa boti ya mbao, paka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, mapema mara mbao inapokuwa kavu. Kwa faiba, fungua kopo la praima, soma unyevu na joto linalotakiwa, na uanze mkuku kwanza.